Kupima simuleta ya jua: kifaa kipi kinafaa kwa taa ipi

Simuleta ya jua ni taa iliyoundwa ili kumulika seli na paneli za sola ndani ya chumba kwa mwanga unaokaribiana na wa jua, na karibu kila inayouzwa huja na cheti chenye herufi tatu. Herufi ya kwanza inahusu spektra, yaani jinsi mwanga wa taa ulivyogawanyika katika mawimbi mafupi na marefu ukilinganishwa na wa jua. Ya pili inahusu usawa, yaani jinsi mwanga ulivyoenea juu ya eneo la kupimia. Ya tatu inahusu utulivu, yaani jinsi mwanga unavyopanda na kushuka kadiri muda unavyopita. Simuleta yenye daraja la ABA, kwa hiyo, ina spektra nzuri na imetulia, ila mwanga wake haukuenea vizuri. Wanunuzi wengi huishia kwenye herufi hizo. Anayeitumia taa kila siku hawezi kuishia hapo, kwa sababu taa huchakaa, vioo hushika vumbi, na herufi zilizokuwa za kweli siku ya kufungua sanduku zinaweza kuwa zimeshabadilika bila mtu kuarifiwa.

Ndipo linapokuja suala la kupima mwenyewe au kumwita anayeweza kupima, na papo hapo linazuka jingine: kwa kifaa gani? Kila moja kati ya sifa hizo tatu inaweza kupimwa kwa njia kadhaa, na njia hizo hazilingani kwa gharama, kwa kasi wala kwa aina ya makosa zinayoficha. Nalinganisha hapa njia hizo, moja kando ya nyingine, kwa ajili ya maabara inayopaswa kuamua kipi inunue, kipi ikodi na kipi iache. Msimamo wangu, ambao nitautetea kwa hesabu, ni kwamba kifaa huchaguliwa kwa kutazama mambo mawili kabla ya bei: kama taa inawaka mfululizo au kwa mmweko, na ni seli ya namna gani itakayowekwa chini yake.

Vipimo vinavyotumika kuamua daraja

Kiwango kinachotumika zaidi ni IEC 60904-9, cha shirika la kimataifa la viwango vya umeme. Toleo lake la 2007 lilikuwa na madaraja A, B na C. Toleo la 2020 liliongeza A+. Kwa spektra, mwanga wa mawimbi ya nanometa 400 hadi 1100 hugawanywa katika mafungu sita, na sehemu ya nguvu inayoangukia katika kila fungu hugawanywa kwa sehemu inayopatikana katika spektra ya rejea ya jua. Daraja A linataka jibu liwe kati ya 0.75 na 1.25 katika mafungu yote sita, B kati ya 0.6 na 1.4, na C kati ya 0.4 na 2.0. A+ imebana hadi kati ya 0.875 na 1.125, na pamoja nayo toleo la 2020 lilileta upana mpya wa nanometa 300 hadi 1200, uliogawanywa katika mafungu sita yenye nguvu inayokaribia kuwa sawa. Kwa usawa, mipaka ni asilimia 1 kwa A+, 2 kwa A, 5 kwa B na 10 kwa C. Kwa utulivu kuna namba mbili: ule wa muda mfupi, unaohusu kipindi cha kuchukua nukta moja ya kipimo, na ule wa muda mrefu, unaohusu kipindi chote cha kuchora mchoro wa mkondo na volteji. Kwa A+ mipaka hiyo ni asilimia 0.25 na 1, kwa A ni 0.5 na 2, kwa B ni 2 na 5, na kwa C zote mbili ni 10.

Inafaa kutaja kwamba jina la kiwango lenyewe lilibadilika. Toleo la 2007 lilizungumzia mahitaji ya utendaji wa simuleta, ilhali la 2020 linazungumzia uainishaji wa sifa zake. Badiliko hilo lina uzito, kwa kuwa daraja linaeleza taa ilivyo, lakini halisemi kipimo cha seli kitakosewa kwa kiasi gani. Simuleta ya daraja B yenye spektra inayojulikana vizuri inaweza kutoa matokeo sahihi kuliko ya daraja A ambayo spektra yake haijapimwa tangu inunuliwe.

Spektra: njia tatu

Njia ya kwanza ni monokromata, kifaa kinachopitisha wimbi moja baada ya jingine na kusoma nguvu ya kila moja. Ikiwa imejengwa kwa hatua mbili za kuchambua mwanga, huzuia vizuri sana mwanga unaopotea njia ndani ya kifaa, na kwa hiyo usomaji wake ni wa kuaminika hata katika mawimbi mafupi ambako nguvu ni ndogo. Udhaifu wake ni mwendo. Kipimo kimoja huchukua dakika kadhaa, na katika dakika hizo zote taa lazima itulie, la sivyo kuyumba kwa taa kutasomeka kana kwamba ni sura ya spektra. Kwa taa ya gesi ya zenoni inayowaka mfululizo, iliyoachwa ipate joto kwanza, jambo hilo linawezekana. Kwa taa ya mmweko ni shida tupu. Kuanzia nanometa 300 hadi 1200, kwa hatua za nanometa 5, kuna mawimbi 181 ya kusoma, na kila moja linahitaji mmweko wake. Kama mashine inahitaji nusu dakika kujichaji kati ya mmweko mmoja na mwingine, kazi hiyo inamaliza saa moja na nusu, taa ikizidi kupata joto muda wote huo.

Njia ya pili ni spektroradiometa ya safu, ambayo hutawanya mwanga juu ya safu ya vihisi vingi na kusoma spektra nzima kwa mkupuo mmoja, ndani ya milisekunde chache. Hiki ndicho kifaa cha taa za mmweko, na kwa taa za LED pia sioni kingine kinachokikaribia. Hata hivyo kina kasoro mbili ambazo katalogi huzitaja kwa maandishi madogo. Kasoro ya kwanza ni upana: safu ya silikoni huishiwa nguvu kabla ya kufika nanometa 1100, hivyo anayetaka kufika 1200 anahitaji safu ya pili iliyotengenezwa kwa indiamu, galiamu na aseniki, kisha aunganishe masomo ya safu hizo mbili. Mahali pa kuunganishia huwa karibu na nanometa 950 hadi 1000, na huko ndiko zenoni ina miinuko mikali ya mwanga. Kosa dogo la ulinganifu kati ya safu mbili huonekana kama mwinuko usiokuwepo, au humeza uliopo. Kasoro ya pili ni mwanga mpotevu. Vifaa hivi hufanyiwa ugezi, yaani hulinganishwa na kipimo kilicho juu yake, kwa taa ya rejea ya halojeni, mara nyingi ya wati 1000, ambayo thamani zake zimetoka katika maabara za taifa za vipimo kama PTB ya Braunschweig au NIST ya Marekani. Taa hiyo ina mwanga mwingi mwekundu na wa infraredi, na mdogo mno karibu na nanometa 300. Chembe ya mwekundu ikipotea njia na kuangukia kwenye vihisi vya mawimbi mafupi wakati wa ugezi, kifaa kitajifunza uongo kuhusu unyeti wake, na kitaurudia uongo huo katika kila kipimo kitakachofuata. Kwa sababu hiyo ningemwuliza muuzaji wa kifaa cha safu juu ya marekebisho ya mwanga mpotevu kabla ya kumwuliza juu ya programu yake.

Njia ya tatu ni seti ya fotodaiodi sita, yaani vihisi vidogo vinavyogeuza mwanga kuwa umeme, kila moja ikiwa na kichujio cha fungu lake. Ni rahisi, ina kasi ya kutosha kwa mmweko wowote, na haina sehemu inayosogea. Kiwango kinaikubali. Tatizo ni kwamba kifaa hiki kinajua jumla ya kila fungu na hakijui kingine. Chukua fungu la nanometa 900 hadi 1100, ambalo katika spektra ya rejea lina asilimia 15.9 ya nguvu yote ya kati ya 400 na 1100. Simuleta ya LED inaweza kuweka kilele kimoja kwenye nanometa 940, ikaacha nafasi yote iliyobaki giza, na bado jumla ikatoka asilimia 15.9 kamili. Vichujio vitasema fungu hilo ni daraja A, wakati seli ya silikoni, ambayo ina unyeti wake kwa kila wimbi katika nafasi hiyo, inapata mwanga usiofanana kabisa na wa jua. Ndiyo maana toleo la 2020 limeongeza namba mbili zinazoripotiwa kando ya herufi: moja inaonyesha ni sehemu gani ya spektra ya jua ambayo simuleta inaifunika kwa angalau asilimia 10 ya nguvu inayotakiwa, na nyingine inajumlisha tofauti zote, wimbi kwa wimbi. Namba hizo haziwezi kupatikana kwa vichujio sita. Isitoshe, vichujio vya tabaka nyembamba huhama kuelekea mawimbi mafupi mwanga unapoingia kwa mshazari, na simuleta nyingi humulika kutoka pembe nyingi kwa pamoja.

Kwa hiyo vichujio navipa kazi ya mlinzi wa kila wiki. Vikisomeka leo tofauti na vilivyosomeka mwezi uliopita, kuna jambo limetokea, na hapo ndipo spektroradiometa inaitwa. Mfano wa taa ya zenoni iliyochakaa unatosha. Fungu la 900 hadi 1100 likipanda hadi asilimia 21, ukigawanya kwa 15.9 unapata 1.32, na taa iliyokuwa A imeshuka hadi B. Kuliona hilo hakuhitaji kifaa cha gharama. Kuliona kwa wakati kunahitaji mtu anayesoma na kuandika kila wiki.

Kuna jambo moja la mmweko ambalo halimo katika ulinganisho wa vifaa, ila huharibu kipimo cha kifaa kizuri. Spektra ya mmweko wa zenoni hubadilika kuanzia unapowaka hadi unapofifia. Ukisoma mmweko mzima unapata wastani ambao seli haikuuona. Kifaa kiwashwe sambamba na taa, na dirisha lake la kusoma liwe lile lile ambalo mchoro wa mkondo na volteji unachukuliwa. Vilevile mwanga uingie kupitia kitawanyishi chenye kupokea pembe zote. Uzi wa kioo unaopeleka mwanga kwenye kifaa, ukielekezwa kwenye taa ukiwa wazi, huona kipande kimoja tu cha simuleta.

Usawa: ukubwa wa kihisi ndio kila kitu

Hesabu ya usawa ni fupi. Unatafuta somo kubwa kuliko yote na dogo kuliko yote katika eneo zima, unagawanya tofauti yao kwa jumla yao, kisha unazidisha kwa mia. Somo kubwa likiwa wati 1030 kwa mita ya mraba na dogo likiwa 970, tofauti ni 60, jumla ni 2000, na jibu ni asilimia 3, yaani daraja B, hata kama wastani wa eneo zima ni 1000 kamili. Kiwango kinataka eneo ligawanywe katika sehemu zisizopungua 64, na kihisi kisizidi ukubwa wa sehemu moja wala kisizidi sentimita za mraba 400.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalovunjwa mara nyingi kuliko yote, na wanaolivunja hawana nia mbaya. Chukua simuleta ndogo ya mezani yenye eneo la sentimita 5 kwa 5. Eneo lake ni sentimita za mraba 25, na ukigawanya kwa 64 unapata 0.39. Maabara nyingi hupima usawa kwa kifaa walicho nacho tayari, yaani seli ya rejea (seli ya sola iliyofanyiwa ugezi ili mwanga upimwe kwayo) ya sentimita 2 kwa 2, ambayo ni sentimita za mraba 4, karibu mara kumi ya kinachoruhusiwa. Seli hiyo hutoa wastani wa kila doa angavu na doa hafifu lililo chini yake, na ramani inayotoka hupendeza macho. Kisha mtafiti anaweka chini ya taa seli yenye eneo la milimita za mraba 10, juu ya doa angavu ambalo ramani haikulionyesha, na ufanisi unaotoka unazidi ukweli. Kwa simuleta hiyo kihisi sahihi ni fotodaiodi yenye upande usiozidi milimita 6. Kwa simuleta ya paneli yenye mita 2 kwa 1 hali ni kinyume chake: sehemu moja ina sentimita za mraba 312.5, na seli ya silikoni ya milimita 156 kwa 156, yenye sentimita za mraba 243, inatosha bila wasiwasi.

Baada ya ukubwa, chaguo ni kati ya kihisi kimoja kinachohamishwa, ubao wenye vihisi vingi vilivyokazwa, na kamera. Kihisi kimoja kina sifa kubwa ya kuwa na ugezi mmoja: hakuna haja ya kujiuliza kama kihisi namba 17 kinasoma sawa na namba 18. Lakini kinakwenda polepole, na taa ikiyumba wakati kihisi kiko safarini, kuyumba kwa muda kutaandikwa kama kutosawazika kwa mahali. Dawa ni kuweka seli ya pili isiyohamishwa pembezoni mwa eneo, na kugawanya kila somo kwa somo lake. Kwa taa za mmweko seli hiyo ya pili ni lazima, kwa sababu hakuna mimweko miwili inayolingana kabisa. Ubao wa vihisi unamaliza kazi kwa mmweko mmoja na unafaa kiwanda kinachopima kila asubuhi, ila kila kihisi kinahitaji kulinganishwa na wenzake, na ulinganisho huo hupotea taratibu vihisi vinapozeeka kwa kasi tofauti. Kamera inayopiga picha ya ubao mweupe ni ya haraka kuliko zote na inaonyesha maumbo ambayo nukta 64 haziwezi kuyaonyesha, kwa mfano kivuli cha ukingo wa lenzi au taa moja ya LED iliyozimika. Hata hivyo lenzi ya kamera yenyewe hufifisha pembe za picha. Ningeitumia kutafuta kasoro, na nisingeandika daraja kwa kutegemea picha.

Kwa simuleta za LED kuna kazi ya ziada. Kila rangi ina taa zake, na kila rangi ina ramani yake. Ramani ya jumla inaweza kuwa ndani ya asilimia 2 huku ile ya taa za infraredi peke yake ikiwa mbaya zaidi, ikifichwa na rangi nyingine zilizoegemea upande wa pili. Anayepima seli za tabaka mbili anapaswa kupima kila rangi kivyake, kwa sababu kila tabaka linakula sehemu yake ya spektra na halisaidiwi na wastani.

Kimo nacho kina ramani yake. Mwanga unaosambaa kutoka kwenye taa hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Taa ikiwa mita 5 kutoka kwenye paneli, tofauti ya kina ya sentimita 5 inashusha mwanga kwa takribani asilimia 2, ambayo kwa hesabu ya usawa ni asilimia 1, yaani nusu ya posho ya daraja A. Kihisi kisimame pale pale uso wa seli utakaposimama, si juu ya fremu wala juu ya meza.

Utulivu: kifaa kinachoonekana kinafaa na hakifai

Hapa vifaa vinavyoshindana ni piranometa, multimita iliyounganishwa na seli, osiloskopu (kifaa kinachochora volteji inavyobadilika kwa muda) iliyounganishwa na fotodaiodi, na kirekodi chenye biti 16. Piranometa inaondoka mara moja. Inapima mwanga kwa joto, inachukua sekunde kadhaa kufikia thamani mpya, na kila kinachotokea kwa kasi kuliko hapo inakilainisha.

Multimita ina hila ya kuogopwa zaidi. Taa inayolishwa na umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, ikiwa kilishio chake si kizuri, hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Kifaa kinachosoma mara 10 kwa sekunde bila kulainisha, kwa mapigo yaliyo sawa kabisa, kitaangukia kila mara mahali pale pale pa wimbi, na mchoro wake utakuwa mstari ulionyooka. Anayeutazama ataamini kwamba taa imetulia kama maji ya mtungini. Kipimo cha kuaminika kinasoma mara elfu kadhaa kwa sekunde.

Osiloskopu ina kasi hiyo, na wengi huikimbilia kwa kuwa ipo tayari mezani. Lakini osiloskopu ya kawaida ina biti 8, maana yake inagawa kipimo katika ngazi 256, na ngazi moja ni takribani asilimia 0.39 ya kipimo kizima. Mpaka wa A+ kwa muda mfupi ni asilimia 0.25. Kifaa kisichoweza kuona tofauti iliyo ndogo kuliko ngazi ya asilimia 0.39 hakiwezi kushuhudia 0.25 kwa uhakika, na hata 0.5 ya daraja A inaiona kwa shida. Kirekodi cha biti 16 kina ngazi 65,536, na ndicho ninachokipendekeza bila kusita, hasa kikiwa na njia tatu zinazosoma kwa pamoja mwanga, mkondo na volteji. Tena kirekodi hicho hicho ndicho kitakachochora tabia ya seli, kwa hiyo fedha yake haipotei. Na njia tatu zikisoma kwa wakati mmoja kila nukta inaweza kusahihishwa kwa mwanga wa wakati ule ule.

Nguvu ya mwanga yenyewe

Hakuna herufi ya nguvu katika cheti, ilhali nguvu ndiyo inayoingia moja kwa moja katika hesabu ya ufanisi: ukikosea mwanga kwa asilimia 3, umekosea ufanisi kwa asilimia hiyo hiyo. Hali za kawaida za kupimia ni wati 1000 kwa mita ya mraba, nyuzijoto 25 za seli na spektra ya rejea ya jua iitwayo AM1.5. Ushindani hapa ni kati ya piranometa na seli ya rejea, na ndani ya simuleta seli ya rejea inashinda. Piranometa inapokea mawimbi hadi karibu nanometa 2800 kwa unyeti ulio sawa, kwa hiyo inahesabu mwanga wa infraredi ambao seli haiwezi kuugeuza umeme.

Lakini si kila seli ya rejea inafaa. Ikiwa unyeti wa seli ya rejea kwa kila wimbi unalingana na wa seli inayopimwa, kosa la spektra linajifuta lenyewe, hata taa ikiwa ya daraja C. Zikitofautiana, marekebisho yaliyoelezwa katika IEC 60904-7 yanahitajika, nayo yanahitaji spektra iliyopimwa pamoja na unyeti wa seli zote mbili. Tazama kinachotokea kwa seli ya perovskaiti, aina ya seli ya sola isiyo ya silikoni, ambayo haioni kitu baada ya nanometa 800 hivi, ikiwekwa chini ya zenoni iliyopangwa kwa seli ya rejea ya silikoni isiyo na kichujio. Silikoni inaiona miinuko ya zenoni kati ya nanometa 800 na 1000 na kudhani mwanga umefika 1000. Mpimaji anaridhika. Perovskaiti, isiyoiona miinuko hiyo, inapata pungufu, na ufanisi wake unaandikwa chini ya ukweli. Chini ya LED isiyo na infraredi ya kutosha kosa linageuka na kwenda juu. Silikoni yenye kichujio cha KG5, ambacho hukata mwanga mwekundu wa mbali, inaondoa sehemu kubwa ya tatizo kwa bei ndogo. Seli ya rejea ipelekwe kwenye ugezi katika maabara inayotambulika kwa kazi hiyo, kama Fraunhofer ISE ya Freiburg, maabara ya Marekani iliyojulikana kama NREL hadi 2025, AIST ya Japani au ESTI iliyoko Ispra, Italia, au kwa maabara iliyojilinganisha nazo.

Kipi kinunuliwe

Maabara ya chuo yenye simuleta moja ya zenoni ya mezani ingefanya vizuri kununua seli ya rejea yenye dirisha linalolingana na seli zake, fotodaiodi ndogo ya ramani na kirekodi cha biti 16, na kukodi spektroradiometa kila taa inapobadilishwa na mara moja katikati ya maisha yake. Meza ya kusogeza kihisi si lazima. Karatasi ya miraba iliyobandikwa vizuri inatosha kwa nukta 64, mradi seli ya pili inasimama pembeni.

Kiwanda au maabara inayopima paneli kwa mmweko inahitaji ubao wa vihisi kwa ukaguzi wa kila siku, pamoja na seli moja ya milimita 156 ya kuukagua ubao huo. Vichujio sita vinalipa gharama yao hapa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu mashine inafanya kazi mfululizo na mabadiliko hayangojei ziara ya mwaka ya mtaalamu. Spektroradiometa ya safu mbili iletwe kutoka nje ya kiwanda, ikiwa na kiwashi kinachooana na mashine.

Anayetumia simuleta ya LED kwa perovskaiti au kwa seli za tabaka mbili ndiye pekee ambaye ningemwambia anunue spektroradiometa kwanza, kabla ya vingine vyote. Katika seli ya tabaka mbili, tabaka linalozalisha mkondo mdogo ndilo linaloamua mkondo wa seli nzima, na rangi moja ya LED ikishuka kwa sababu ya joto, tabaka linaloamua linaweza kubadilika katikati ya kipimo. Kifaa hicho kikae mezani kwake, kisome kabla na baada ya kila mfululizo wa vipimo, na faili za spektra zihifadhiwe pamoja na michoro ya seli.

Kwa yeyote anayepokea simuleta mpya, au anayelipia huduma ya kupimiwa, aombe masomo yote 64 ya usawa, faili ya spektra wimbi kwa wimbi, kasi na idadi ya biti za kirekodi cha utulivu, ukubwa wa kihisi, saa ambazo taa ilikuwa imewaka, na kiwango cha mwanga kilichotumika. Simuleta iliyopimwa kwa wati 1000 inaweza kuwa na spektra nyingine ikipunguzwa hadi 200, hasa ikiwa inapunguzwa kwa kubadilisha umeme wa taa badala ya kuweka wavu mbele yake, na cheti cha 1000 hakimhusu anayefanya kazi kwenye 200.